Kitunga cha Lushebere na Mchanga wa Tibet

Kutoka Goma kwenda Lushebere unapitia Sake, na Sake ndipo safari inapoanza kweli. Hadi hapo barabara haina makuu. Ziwa Kivu liko kushoto, volkano za Nyiragongo na Nyamulagira ziko kulia, na kila upande kuna mawe meusi ya lava iliyopoa zamani, mengine yameshaota majani. Sake penyewe ni njia panda. Anayekwenda Bukavu anaendelea kufuata ziwa, anayekwenda Masisi anaanza kupanda. Motari wangu, maana ndivyo wanavyoitwa waendesha pikipiki wa Goma, alisimama hapo, akakaza upya mpira uliofunga begi langu, akanigeukia.

"Sasa ushike nguvu, dada."

Nilishika. Ilikuwa kiangazi cha 2022, majira ambayo tope la Masisi hugeuka vumbi na vumbi huingia hadi kwenye meno. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilikuwa zikiteremka na mizigo ya ndizi, viazi na makaa, wenye nazo wakifunga breki kwa vipande vya tairi. Kivu Kaskazini ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, kwa hiyo vizuizi havikukosekana: kamba imevutwa katikati ya njia, askari kijana ameketi kivulini. Unashuka, unasalimia, unaonyesha karatasi zako, mara nyingine unaacha chochote cha maji, unapanda tena.

Baada ya Mushaki macho hupata pa kupumzikia. Milima imevaa majani mafupi ya malisho, ng'ombe wametapakaa kwenye miteremko, na mikaratusi imepandwa kuwa mipaka ya mashamba. Aliyekaa Goma ameijua Masisi mezani kabla ya kuiona, kwa ile jibini ya mviringo ambayo wenyewe huiita fromaji. Mbele kidogo, Bihambwe, njia ya Rubaya inachepuka. Huko ndiko iliko koltani, mawe yanayotolewa tantalamu. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba machimbo ya Rubaya peke yake hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, madini ambayo yamo ndani ya simu ya kila anayesoma makala haya.

Uzuri huu una historia nzito. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Kibelgiji ilihamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda, wakaja kukaa na kufanya kazi katika milima ambayo Wahunde waliijua kuwa yao. Swali la nani mwenyeji na nani mgeni likabaki bila jibu. Machi 1993 mapigano yaliyozuka sokoni Ntoto, upande wa Walikale, yalisambaa hadi Masisi yote, na tangu hapo vita vimekuwa vikibadilisha majina. Wanaokimbia ni walewale.

Katika begi lile nilikuwa na bikari, rula, penseli za rangi na karatasi nyeupe. Rafiki yangu wa Goma, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza watu waliopitia vita, aliniomba nikakae na kikundi kimoja cha wanawake wasusi. Mimi niwaonyeshe ninavyochora mandala, wao wanionyeshe wanavyosuka vitunga.

Mandala ni mchoro wa duara unaokua kutoka katikati kwenda nje, kila upande ukilingana na mwenzake. Wahindu na Wabudha wameutumia kwa karne nyingi kama chombo cha sala na tafakuri. Wanaojulikana zaidi ni watawa wa Tibet, ambao huutengeneza kwa mchanga wa rangi. Kwanza hupiga mistari ya chaki juu ya meza pana. Kisha kila mtawa hushika bomba jembamba la chuma lenye meno ubavuni, akalisugua kwa kijiti, na ule mtikisiko hudondosha mchanga chembe kwa chembe. Mandala ya Kalachakra, iliyo maarufu kuliko zote, ina miungu 722, na kila mmoja ana mahali pake. Kazi huchukua siku nyingi za kuinama. Ikikamilika, watawa husali, kisha huifagia yote, hukusanya mchanga na kwenda kuumwaga kwenye maji yanayotembea.

Mimi si Mbudha. Nilianza kuchora baada ya msiba, wakati usingizi ulikuwa umenihama na sala zangu zilikuwa zikiishia mdomoni. Alfajiri naweka ncha ya bikari katikati ya karatasi, nachora duara, naligawa sehemu sita, halafu naongeza mzunguko juu ya mzunguko na kutia rangi. Hakuna ajabu inayotokea. Ila kwa muda ule akili ina shughuli moja tu, na ninapoinuka mezani mara nyingi najua kitu ambacho sikukijua nilipoketi: ninachokiogopa, ninayemkasirikia bila sababu, au neno ambalo nimelikwepa wiki nzima. Watu wa mijini huita hivyo kujiendeleza kiroho, na Nairobi na Dar es Salaam siku hizi utauziwa vitabu vya kutia rangi vyenye michoro iliyokwisha kuchapwa. Nilitaka kuona zoezi hili linafaa nini mahali ambapo mtu hana hata mlango wa kufunga ili apate utulivu.

Lushebere iko kando ya barabara, kilomita chache kabla ya Masisi mjini. Kuna nyumba za mbao na mabati, migomba, maduka madogo ya sabuni na chumvi, na kambi ya wakimbizi wa ndani, badeplase kwa lugha ya huko. Vibanda vyao hujengwa kwa matawi yaliyokunjwa na kufungwa juu, kisha hufunikwa turubai na majani. Ndani unaingia kwa kuinama. Wengine niliokutana nao walikuwa wamekimbia mara nyingi kiasi kwamba ukiwauliza kwao ni wapi, wanakuuliza kwanza unataka kwao kwa mwaka gani.

Wasusi hukutana kwenye ua wa kanisa, chini ya mparachichi. Niliwakuta wameshakaa kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, watoto wadogo wamelala mapajani. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kitenge cha buluu. Kila mtu alimwita Mama, nami nikamwita hivyo. Nilipewa kigoda, nikakikataa na kukaa mkekani, wakacheka, basi ugeni ukawa umekwisha.

Kitunga kinaanzia mahali padogo sana. Mama alichukua kishungi cha nyasi kavu chenye unene wa kalamu, akakilowesha maji, akakizungushia uzi wa mkonge kwa nguvu mpaka kikawa kigumu. Kisha akakikunja kikawa pete isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Akaitoboa pete ile kwa sindano ya gunia, akapitisha uzi, akavuta mpaka ukalia. Hicho ndicho kiini. Kutoka hapo kishungi huzunguka kikijifunga chenyewe kwa chenyewe, nyasi mpya zikichomekwa kila zinapopungua, na kila mshono unauma mzunguko uliotangulia. Kiini kikilegea, alinieleza, kitunga kizima kitalegea, na hakuna pambo litakalokisaidia. Mbele yetu alimrudishia binti mmoja kiini chake akafumue aanze tena, na binti akafanya hivyo bila kununa.

Rangi hutoka popote. Nyekundu ilikuwa nyuzi zilizochomolewa kwenye nyavu za vitunguu. Nyeupe ilikuwa ya mifuko ya unga ya PAM, ile ya chakula cha msaada, iliyofumuliwa utepe kwa utepe na kusokotwa upya juu ya paja. Ukikitazama kitunga kwa karibu, mahali pengine unaona kipande cha herufi ya buluu ambacho hakikufutika.

Na michoro ni hesabu tupu. Nyota ya pembe nane ikianza na mishono miwili ya rangi kwa kila pembe, mzunguko unaofuata unataka mitatu, unaofuata minne, kwa sababu duara linapanuka na nafasi inaongezeka. Hakuna mstari uliochorwa wa kufuata. Hesabu iko kichwani na kwenye ncha za vidole. Ukizidisha mshono mmoja, pembe inaanza kupinda, na kila unavyoendelea ndivyo kosa linavyokua. Kwa hiyo msusi anayehesabu hazungumzi, na wenzake wanalijua hilo. Mazungumzo chini ya mparachichi ule yalikuwa yakizunguka yenyewe: anayefika kwenye mshono mwepesi anasema, anayefika kwenye rangi ananyamaza.

Tukiwa hapo lori la askari likapita barabarani. Mikono yote ilisimama. Hakuna aliyesema kitu. Watoto waliokuwa wakicheza upande wa pili wa ua walikuja kusimama karibu na mama zao bila kuitwa. Lori likaishilia, vumbi likatua. Mama aliinamia kazi yake, akahesabu kwa midomo bila sauti, akakuta amezidisha mshono. Akaufumua, na uliotangulia, na uliotangulia huo, mpaka akafika kwenye rangi aliyokuwa na hakika nayo. Akaanza tena kutoka hapo.

Zamu yangu ilipofika niliwachorea mandala moja, nikawasimulia na habari za watawa na mchanga wao. Walisikiliza vizuri hadi kwenye ufagio. Hapo kikundi kizima kikaangua kicheko. Mtu ainame siku zote hizo, halafu afagie? Mama yeye hakucheka sana. Aliniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa na yeyote niliyemsimulia kisa hicho.

"Banafagia benyewe? Hakuna mutu anabafukuza?"

Nikamjibu kwamba wanafagia wenyewe, kwa hiari yao.

"Basi hawajajua kukimbia," akasema jirani yake.

Nikawaambia kwamba wanajua. Mwaka 1959 Dalai Lama alivuka milima ya Himalaya akakimbilia India, na makumi ya maelfu ya Watibet wakamfuata. Watawa wa Namgyal, ambayo ni nyumba ya utawa ya Dalai Lama mwenyewe, walianza upya huko Dharamsala wakiwa wakimbizi. Na ni ukimbizi huo uliowafanya watu wa mbali wazione mandala za mchanga, ambazo zamani zilibaki ndani ya mahekalu. Mwaka 1988 watawa wa Namgyal waliitengeneza Kalachakra hadharani katika jumba la makumbusho mjini New York, watu wakapanga foleni kutazama. Kwa hiyo dunia ilijifunza jambo hili kutoka kwa badeplase.

Walikaa kimya kidogo wakilipima. Kisha Mama akasema, "Basi banajua. Yenye bananyang'anywa iko ingine. Yenye banafagia iko yabo."

Alichomaanisha ni kwamba kunyang'anywa ni jambo moja, na kufagia kilicho chako ni jambo jingine kabisa. Nimesoma maelezo mengi juu ya mandala, na karibu yote husema kwamba ufagio ule unamfundisha mtu kutoshikamana na vitu vinavyopita. Somo hilo wanawake wa Lushebere wangeweza kulifundisha wao. Vita vimewaamulia saa ya kuondoka nyumbani, njia ya kupita, mtoto wa kubeba mgongoni na sufuria ya kuacha. Msaada nao, pamoja na wema wake, umewaamulia siku ya kupokea unga na rangi ya turubai. Kilichopotea hapo ni uamuzi. Anayeketi na kitunga anaamua kiini kikae wapi, nyota iwe na pembe ngapi, mshono upi ubaki na upi ufumuliwe. Kufumua kwake hakuna aliyemlazimisha. Nadhani watawa wanaposhika ufagio wanafanya kitu hichohicho: wanaamua wenyewe mwisho wa kazi yao, baada ya dunia kuwaamulia mengine mengi.

Nikiitazama historia ya mandala katika elimu ya nafsi, naona nayo ina kambi ndani yake. Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichora mandala yake ya kwanza mwaka 1916. Mazoea ya kuchora kila siku yalimkaa 1918 na 1919 huko Château-d'Oex, alipokuwa kamanda wa eneo walikowekwa askari wa Uingereza waliohamishiwa Uswisi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kila asubuhi alichora duara dogo kwenye daftari, akagundua kwamba duara hubadilika na hali ya moyo wake. Siku moja alipata barua iliyomuudhi, na kesho yake ukingo wa duara ukatoka umevunjika sehemu moja. Taratibu akaanza kuona kwamba michoro ile inamwonyesha nafsi yake nzima, pamoja na pale asipopapenda.

Jung huyo alikuja huku kwetu. Novemba 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaendelea hadi Mlima Elgon, ambako aliketi na wenyeji wakazungumza kwa Kiswahili. Aliwauliza kuhusu ndoto. Mganga mmoja mzee alimjibu kwa huzuni kwamba zamani waganga walikuwa wakiota, wakajua kuhusu vita, magonjwa na mvua. Tangu Waingereza waje, watu hawaoti tena, kwa sababu sasa DC ndiye anayejua kila kitu. Jung alilichukua jibu hilo kama dalili ya dini inayokufa. Mimi, baada ya Lushebere, nalisoma kwa namna nyepesi zaidi: mtu akiamuliwa kila kitu, hata usingizini hana la kufanya.

Wanaopenda vipimo wanavyo pia. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Curry na Tim Kasser, waliwapa wanafunzi 84 kazi ya kutia rangi baada ya kuwatia wasiwasi makusudi. Wengine walipewa mandala, wengine mchoro wa mirabaraba kama ya shuka ya Kimasai, wengine karatasi tupu wachore wapendavyo. Mandala na mirabaraba zote mbili ziliwatuliza watu kuliko karatasi tupu. Utafiti mwingine wa 2012 ulirudia jaribio hilo, safari hii mandala ikaishinda mirabaraba. Wasomi wabishane. Kwangu linalotosha ni kwamba karatasi tupu ilishindwa mara zote mbili. Aliyechanganyikiwa ukimwambia "fanya chochote" unamwongezea mzigo. Anahitaji mipaka, kisha uhuru ndani ya mipaka hiyo, na ndivyo kitunga kilivyo.

Mchana ule mzee mmoja wa kanisa alipita uani, akaona karatasi zimejaa maduara, akasimama. Alisalimia kwa heshima, kisha akauliza kama haya si mambo ya wachawi. Swali lake lilikuwa la haki. Katika nchi ambako mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani kwa kushukiwa uchawi, duara lisiloeleweka si kitu cha kuchezea. Nilimweleza kuhusu Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani wa karne ya 12, ambaye maono yake yalichorwa kwa maduara ya nuru, na ambaye Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Nikamwambia pia kwamba huku pwani milango ya Lamu na Zanzibar imejaa maua ya duara yaliyochongwa, na mashehe hupita hapo kila siku wakienda kuswali.

Mzee alifikiri, akasema kwamba yeye kitu hiki atakipima kwa matunda yake. Kikimfanya mtu asamehe na afanye kazi yake vizuri, kiendelee. Kikimfanya ajitazame mwenyewe mchana kutwa, kiachwe. Sijapata kipimo bora kuliko hicho, na ningependa kila mwalimu wa kujiendeleza akiandike ukutani mwake. Pale mkekani nilikiona kikifanya kazi. Msusi aliyepotelewa na hesabu alihesabiwa na mwenzake. Aliyekuwa na mtoto mgonjwa alishikiwa kazi yake iendelee. Mimi nyumbani huchora peke yangu nikiwa nimefunga mlango, wao walifanya zoezi hilohilo begani kwa bega, na sioni kwamba utulivu wao ulikuwa pungufu kwa wangu.

Walipochora, wengine walikuwa hawajashika penseli tangu shule. Bikari iliwapendeza kuliko kitu chochote, ikazunguka mkono hadi mkono. Mama alichora duara moja kubwa, akalijaza nyota yake ya pembe nane bila kupima, na ilikaa sawasawa. Msichana mmoja alitia rangi kila mahali isipokuwa katikati. Nilitaka kumuuliza, nikajizuia. Anayeongoza zoezi la namna hii hapaswi kumfasiria mtu mchoro wake, wala kumlazimisha asimulie. Na mtu asidhani kwamba penseli inaponya kila kidonda. Aliyebakwa, aliyeona ndugu zake wakiuawa, anayeshtuka usingizini mwezi baada ya mwezi, huyo anahitaji mtu mwenye ujuzi wa kumhudumia. Hospitali Kuu ya Masisi, inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, iko karibu, na kikundi kilikuwa na desturi ya kumsindikiza mwenzao huko. Kitunga humshika mtu mkono. Kubeba mgonjwa ni kazi ya wengine.

Kuna pia suala la pesa, ambalo wapenda mandala hulikwepa. Mandala ya mchanga haiuzwi. Kitunga kinauzwa, na wasusi wa Lushebere hawakuona aibu yoyote katika hilo: unga, sabuni na karo ya shule hutoka humo. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanawake waliotoka pande mbili za mauaji ya 1994 walikaa pamoja kusuka vikapu vinavyoitwa agaseke. Kampuni ya Gahaya Links ya dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, ilivifikisha vikapu hivyo katika maduka ya Macy's huko Marekani kuanzia 2005. Kikapu hicho kimo hata kwenye nembo ya taifa la Rwanda. Kilichowakalisha pamoja kwanza kilikuwa kipato, na maneno ya upatanisho yalipata mahali pa kusemwa kwa sababu watu walikuwa wameshaketi. Masisi haina mpaka wazi, wala barabara ya lami, wala amani ya kupeleka vikapu vyake mbali. Mikono inayo.

Tangu safari ile mambo yamezidi kuwa magumu. Mwanzoni mwa 2023 vita vilirudi kwenye barabara ya Sake na Mushaki. Aprili 2024 waasi wa M23 waliishika Rubaya, Januari 4, 2025 wakaingia Masisi mjini, na kabla mwezi huo haujaisha walikuwa wameichukua Goma. Watu wa milima ile wamekimbia tena, na waliorudi wamerudi kwenye vibanda walivyoviacha au kwenye majivu yake. Anayesuka kitunga huko ataendelea kuhitaji mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo nina maneno mawili ya kusema. La kwanza ni kwa mashirika na watu wema wanaofika kambini na programu za kutuliza nafsi: msiwapelekee watu michoro iliyokwisha kuchapwa wajaze rangi mlizochagua ninyi. Ulizeni kwanza mikono yao inajua nini. Pelekeni uzi, sindano na mkonge, lipieni kazi, kisha kaeni mkekani msikilize. Mkimwamulia mtu hata mahali pa kuweka nyekundu, mmeongeza majina yenu kwenye orodha ya waliokwisha kumwamulia.

La pili ni kwako msomaji. Ukitaka kuanza zoezi hili huhitaji kitabu wala kozi. Funikiza kisahani juu ya karatasi, kizungushie kalamu, tia nukta katikati, uanzie hapo. Au suka, tarizi kofia, fuma kitambaa cha meza, ilimradi kiwe kitu chenye kiini na hesabu, na uwe radhi kufumua unapokosea. Fanya kila siku kwa muda uleule. Usimwonyeshe kila mtu. Ikiwa baada ya miezi kadhaa huna subira zaidi ya uliyokuwa nayo kwa watu wa nyumbani mwako, acha, utafute jingine.

Na siku utakayokuta kitunga cha Masisi sokoni, geuza uangalie kiini chake. Kikiwa kimekaza, lipa bei uliyotajiwa. Usipunguze.